Siku ya Bamvua Kiongoroni

Dari ya chumba nilichokulia, katika Mji wa Kale wa Mombasa, imebebwa na boriti za mikoko. Ukilala chali unaziona zimejipanga, nyeusi kwa umri, kila moja imetoka ukuta huu ikashika ule. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba, na ndiyo sababu nyumba za kale za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, zina vyumba virefu vyembamba: mti ndio uliompimia fundi. Wazee wa nyumbani walipoulizwa zimetoka wapi walijibu kwa neno moja, Rufiji, kwa namna mtu anavyotaja soko lililo nyuma ya nyumba yake.

Soko hilo liko mbali. Kiongoroni ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania, ndani ya delta ambamo mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Lindi, unaiacha Bungu, unashuka hadi Nyamisati, na hapo mambo ya magurudumu yanakwisha. Watu wa mjini ukiwatajia Kibiti, wengi bado hukumbuka mauaji yaliyojaa kwenye habari mwaka 2017. Inaniuma kwamba jina la nchi nzuri kiasi hiki libaki limefungwa kwenye habari ile peke yake, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizonifanya niandike.

Shughuli zangu zilikuwa zile ambazo mtu huzimaliza mjini kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wangu wa Mbagala, Dar es Salaam, fundi cherehani mzaliwa wa Delta, alinipa furushi nimfikishie mama yake. Nilitaka mchele. Nilitaka mkeka. Na nilitaka kuuliza habari za boriti, maana kwenye dari yetu kuna ambazo zimeanza kulegea.

Nahodha niliyemkuta Nyamisati aliuliza jambo moja tu kabla ya kutaja nauli: nataka kurudi lini. Nilipomwambia kesho yake jioni, akatazama mwezi. "Kesho bamvua," akasema. "Utapata siku nzima." Sikuhitaji kuelezwa, kwa kuwa hata Mombasa maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote, hujaa kama saa kumi alfajiri, yakakupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kisha yakarudi kujaa saa kumi jioni. Lakini Mombasa bamvua ni habari ya wavuvi na ya watoto wanaoruka baharini. Huku Delta ndiyo inayoamua nani atasafiri. Kati ya kujaa na kukupwa kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu, na vijito ambavyo alfajiri hupitisha boti yenye shehena, saa nne huwa mitaro ya tope yenye kaa. Zikija siku za maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, saa za kujaa huangukia kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na safari zote hupangwa upya. Mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa vitunguu, bibi harusi: wote hufuata hesabu hiyohiyo.

Tuliondoka gizani. Boti ya mashine ilikuwa imejaa mifuko ya saruji, madumu ya mafuta, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na mama mmoja aliyeshika redio mpya mapajani muda wote, bado ikiwa ndani ya boksi lake. Kulipopambazuka tulikuwa tumezungukwa na miti pande zote. Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000, na tangu 2004 umo ndani ya eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa linalolindwa kimataifa. Takwimu hizo nilizijua. Kuwa ndani yake ni jambo jingine. Saa nzima unapita mkondo, unaingia mkondo, na hakuna mahali ambapo jani linakwisha.

Wageni huita yote mikoko wakanyamaza. Nahodha hakukubali uvivu huo. Akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, alininyooshea kidole mti baada ya mti. Ule unaotangulia baharini kabisa, unaopigwa na mawimbi, ni mlilana, na mbao zake zilizojipinda zenyewe ndizo mataruma, yaani mbavu za mashua. Mkoko wenyewe ni huu uliosimama juu ya mizizi yake iliyopinda kama matao. Msinzi hunyooka, na ndio unaotafutwa kwa nguzo. Mkandaa hukaa ndani zaidi, mwembamba, mgumu, maganda yake mekundu yalikuwa yakichemshwa kutia rangi ngozi na nyavu. Mchu huota karibu kila mahali na huvumilia chumvi kuliko wenzake. Mkomafi una tunda la duara zito linalopasuka vipande ambavyo mtoto hawezi kuvirudisha pamoja. Na ukiona msikundazi, alisema, jua maji matamu hayako mbali. Huo hukaa upande wa mto, na wazee waliutaka kwa milingoti. Nilipofika nilikuwa najua kuusoma ukingo: kwa kutazama mti tu unaweza kukisia chumvi iliyomo majini na uthabiti wa ardhi chini yake. Nimesoma shule miaka mingi bila kupata somo lililopangika vizuri kuliko lile.

Kiongoroni unashuka ukiwa na viatu mkononi. Tope ni laini, la uvuguvugu, na kila mtu hukushika mkono bila kuuliza wewe ni nani. Hilo huulizwa baadaye, ofisini. Mgeni huanza kwa serikali ya kijiji, mtendaji akafungua kitabu cha wageni, akaandika jina langu, nchi yangu, namba ya kitambulisho, kisha akauliza, "Mgeni wa nani?" Nilimtaja mama wa fundi wa Mbagala. Akafunga kitabu. Shughuli ilikuwa imekwisha, maana sasa nilikuwa na kwetu, na kijana aliyekuwa amekaa kizingitini akanyanyuka kunipeleka bila kutumwa.

Napenda sana ofisi za namna ile. Mjini ukifika ofisini unaulizwa umekuja kufanya nini. Pale niliulizwa nani atanipa chakula.

Njiani tulipita duka lenye paneli ya jua juu ya bati, simu kadhaa za watu zikichajiwa mezani, na nje yake mizani ya kupimia kaa. Wale kaa wakubwa wa tope hufungwa makucha kwa kamba, hupangwa kwenye matenga wakiwa hai, hupelekwa Dar es Salaam, na wengi huishia kwenye meza za China. Mvuvi wao hutembea na ndoano ndefu ya chuma, anaijua mizizi ambayo chini yake mna shimo, na anajua kwa mguso kama aliyemo ni kaa au ni kitu kingine cha kukimbiwa. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri mizani walikuwa wakibishana kuhusu Simba na Yanga kwa ukali kuliko bei ya kaa.

"Hodi!"

"Karibu. Ingia, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hajambo huyo aliyekutuma?"

Alijua kabla sijafungua mdomo. Simu ilikuwa imetangulia. Furushi lilikuwa na doti ya kanga, miwani ya kusomea, sukari, na dawa za presha, na alivitoa kimojakimoja, akavaa miwani, akalisoma jina la kanga kwa sauti, akacheka peke yake, hakunieleza kwa nini. Kisha akaniuliza maswali ambayo fundi alikuwa amenionya nijiandae nayo: amenenepa au amekonda, anaswali, yule mwanamke amerudi au bado. Nilijibu niliyoyajua. Nikaletewa chai ya rangi na vitumbua, na nikaambiwa nisijaze tumbo kwa kuwa wali uko njiani.

Alikuwa akisuka ukili wakati wote tunazungumza. Mikeka ya Rufiji inajulikana mwambao mzima: ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili mrefu, halafu ukili huo ndio unaoshonwa upande kwa upande hadi mkeka utimie. Kazi hiyo haina meza wala saa maalumu. Mikono ilikuwa ikienda wakati macho yananitazama mimi. Nilipouliza kama kuna mkeka wa kuuza, akapaza sauti kuelekea ua wa pili, na baada ya dakika chache walikuja wanawake watatu, kila mmoja na wake chini ya kwapa, wakaitandaza mchangani. Hakuna aliyenishawishi. Walisimama, wakasifiana kazi, mmoja akaniambia wa mwenzake umebana vizuri kuliko wake. Nilinunua huo uliosifiwa.

Saa nne ilipofika bahari ilikuwa imeondoka. Pale tuliposhukia boti palikuwa uwanja wa tope unaong'aa, na wanawake na watoto wameshaingia na ndoo. Huo ndio wakati wangu wa kuzurura, na nilizurura. Nilimkuta fundi akibadilisha taruma la mashua iliyolazwa ubavu, akigongea kalfati kwenye nyufa. Nilimkuta mzee akishona jarife kwenye kivuli cha mwembe. Minazi, miembe, migomba, vyoo vya makuti, madrasa yenye sauti za watoto wakirudia aya kwa pamoja, bendera ya taifa juu ya shule. Kila niliyempita alinisalimu na kila aliyenisalimu alitaka jibu kamili, la nyumbani, la safari, la afya. Ukiharakisha hapo unajinyima. Katika salamu hizo nilijifunza nani ana mchele wa kuuza, nani amerudi kutoka Mafia jana usiku, na kwamba mzee anayezijua boriti anakaa nyumba ya mwisho kabla ya mashamba.

Niseme kidogo kuhusu wageni walionitangulia, kwa sababu Delta imeandikwa zaidi na watu waliotaka kuondoka humo. Mwaka 1939 aliingia Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi. Walikuja na kaskazi, wakapakia boriti, wakangoja kusi iwarudishe. Katika kitabu chake cha 1940, Sons of Sinbad, alipaeleza humu kama mahali pa tope, mbu na mateso. Matope aliyaona kweli; mbu nao sitawakana. Lakini aliandika akiwa upande wa jahazi. Shehena aliyoilalamikia ndiyo iliyokuwa ikiezeka Kuwait yote na miji mingine ya Ghuba kabla ya mafuta, nchi isiyo na mti wa kujengea. Vizazi kadhaa vya Waarabu wa Ghuba vilizaliwa na kufa chini ya miti iliyokatwa na watu wa Delta, na majina ya wakataji hao hayamo kitabuni.

Kabla ya Villiers walikuja Wajerumani na manowari yao Königsberg, ambayo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, Septemba 1914, ilijificha kwenye mikondo ya kaskazini ya Delta. Waingereza walihangaika kwa miezi, hadi tarehe 11 Julai 1915 meli zao Severn na Mersey, zikiongozwa na ndege iliyotazama kutoka juu, zilipoimaliza. Mizinga yake kumi ilitolewa majini ikakokotwa na nguvu za wapagazi ili ikapigane mahali pengine. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nimekaa juu ya mzinga huo nikiwa mtoto nikila embe, wala hakuna aliyeniambia ulitoka kwenye msitu uleule uliobeba dari yetu.

Na kabla yao wote kuna Rhapta. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1 kinaitaja kuwa bandari ya mwisho ya pwani hii, mahali pa pembe za ndovu na mashua za kushonwa kwa kamba. Mwanaakiolojia Felix Chami amechimba huku Rufiji na karibu na Kibiti, akapata shanga za Kirumi, na anaamini bandari hiyo ilikuwa katika Delta. Wapo wataalamu wanaobisha. Mimi, baada ya kuona jinsi watu wa hapa wanavyoishi na mashua, sioni shida kumwamini.

Mzee wa boriti alinipokea kwa kahawa. Nilimweleza shida yangu, naye akanirudisha kwanza kwenye maneno ya kazi. Ukianzia wembamba kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mkataji mzuri alijua kwa jicho ipi itakuwa boriti na ipi iachwe ikue. Hukati mti kwa sababu umefika mbele yako. Unaangalia mdogo ulio chini yake, kama unahitaji jua.

Siku hizi, akaniambia, haukatwi mkoko bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mpita njia kutoka nchi nyingine hawezi kuondoka na boriti kama anayeondoka na nazi. Aliyasema hayo bila kinyongo. Amewahi kuona miaka ya ukataji holela na anajua kamba, kaa na samaki wadogo hukulia katika mizizi hiyo. Msitu ukienda, wavu unarudi mtupu. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna fundi wa Mombasa aliyewahi kuniuliza: boriti zenu zimeharibika wapi, katikati au vichwani?

Nikamwambia vichwani, mle zinapoingia ukutani.

"Basi hazijafa," akasema. "Mkoko ukiwa penye hewa hauozi. Ukuta umepata maji. Tafuta mvua inaingilia wapi, ziba hapo kwanza, kisha mwambie fundi akate kichwa kilichooza, aitegemeze ile iliyobaki. Katikati itawazika ninyi."

Nilikuwa nimesafiri kutoka nchi hadi nchi kutafuta boriti mpya, na aliyeijua boriti yangu ya zamani kuliko mimi hajawahi kuingia nyumbani kwetu.

Nyuma ya nyumba yake mashamba ya mpunga yalianza. Katikati yake yamesimama madungu, vibanda vya juu ya nguzo ambamo familia huhamia msimu ukifika, kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Alinionyesha mstari ambao jicho langu halikuuona: upande huu mpunga ulistawi, upande ule ulidumaa. Mpunga wa Delta unaishi kwa ugomvi wa maji mawili. Bahari huleta chumvi, na mafuriko ya mto husukuma chumvi hiyo nje na kuacha tope jipya. Mto ukiwa na nguvu, kuna chakula. Ukinyong'onyea, bahari inaingia shambani. Kwa hiyo watu wa hapa hulitazama bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, kwa macho ya wakulima. Umeme wa megawati 2,115 ni jambo kubwa kwa Tanzania, na hakuna niliyemsikia akilipinga. Wanachotaka kujua ni maji kiasi gani yatafunguliwa, na lini. Aprili 2024 yalikuja mengi kupita kiasi, Rufiji na Kibiti zikazama, mashamba yakaenda. Yakija machache mno, ataingia huyo mwenye chumvi. Mkulima wa Delta anahitaji kusikilizwa na wanaoshika funguo za mto, kwa sababu yeye ndiye anayeujua mwisho wake.

Wanajua pia kukataa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya kigeni ilitaka kugeuza sehemu ya Delta kuwa mabwawa ya kufugia kamba, mradi wa hekta zipatazo 10,000. Wanavijiji walio wengi walipinga, walipeleka kilio chao hadi mahakamani Dar es Salaam, na mabwawa hayakuchimbwa. Nilipoutazama msitu ule ukiwa bado umesimama nilijisikia kuwashukuru watu ambao wengi wao sasa ni marehemu.

Mchele nilinunua kwake, umekobolewa upya, una harufu inayokufuata njiani. Wali wa mama wa fundi ulikuwa wa mpunga huohuo, na juu yake kaa wa nazi na pilipili ya kusaga. Tulikula chini, sinia moja, wajukuu wakinitolea nyama ya kaa kwa kuwa walinihurumia mikono yangu isiyojua kuvunja gando. Sijala chakula kitamu kuliko hicho mwambao wote, na mimi ni mtu wa Mombasa, sisemi hivyo kwa wepesi.

Baada ya chakula tope likaanza kupotea. Maji hayaji kwa kishindo. Unaona tu kwamba mahali alipokuwa amesimama mtoto sasa inaelea ngalawa. Kijiji kikabadilika mwendo. Mashua zikanyanyuka, wavuvi wakashusha nyavu mabegani, na habari ikawa imeenea kwamba mgeni wa Mbagala anaondoka. Hapo ndipo shughuli zangu zilipoanza upya, safari hii kwa upande wa wenyeji. Mwenye duka alinipa simu iliyokufa nimpelekee fundi wa Kariakoo. Mwanamke aliyeniuzia mkeka alinipa namba ya dada yake wa Temeke na mkungu wa ndizi. Mzee wa boriti alitaka niulize bei ya miwani kama ile ya mama wa fundi. Mtendaji alinipa bahasha ya kuacha Kibiti. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Mama wa fundi alikuja mwenyewe hadi ukingoni, kanga mpya begani, miwani bado machoni. Alinikabidhi kapu la samaki wakavu na kifuko cha mchele, akanishika mkono.

"Hawa wa kapuni ni wa mwanangu. Huo wa kifuko ni wako, usimpe. Na mwambie pesa zifike au zisifike, aje mwezi wa saba, tukiwa tumevuna. Aje na huyo mwanamke. Na wewe ukija, uje bamvua."

Nahodha alikuwa tayari ameshawasha mashine.